Siga Inayochukua Muda

Rafiki yangu alitupa habari ya kuoa tena akiwa amechuchumaa chini ya karasha, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na yeye ni fundi wake. Ukienda machimbo ya Mwakitolyo ukasikia limekaa kimya, ujue kuna mtu ameshatumwa kumtafuta. Siku hiyo tulikuwa tumemfuata wawili, mimi na mwenzetu wa tatu, kumsalimia tu. Sisi watatu tumekua pamoja Kambarage, mtaa wa Shinyanga mjini, tumesoma shule moja ya msingi, na kila mmoja akashika njia yake: mimi nauza vifaa vya ujenzi palepale Kambarage, yeye akawa fundi, na huyo wa tatu ni broka wa dhahabu Geita mjini, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa.

"Kuna mama mmoja yuko Buseresere," alisema bila kuinua kichwa. "Ana mgahawa pale. Nilikwenda kutengeneza mashine ya jirani yake, nikawa nakula kwake. Sasa tumeshazungumza na kwao, tutafunga ndoa."

Broka alinitazama. Mimi nilijibu hongera, nikasikia sauti yangu inakwaruza. Sisi watatu tulimzika pamoja mke wake wa kwanza. Ugonjwa wa figo ulimchukua polepole, akamwachia binti mmoja aliyekuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Tangu hapo rafiki yetu alikuwa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Binti alikua, sasa anasomea uuguzi Shinyanga, na bado wanaishi wawili kwenye nyumba ileile.

"Basi tukuage ukapera," broka alisema hatimaye. "Tufanye sherehe."

"Ukapera gani? Mimi nilishaoa. Yule mtoto nyumbani mnadhani nilimwokota?"

"Umeishi kikapera miaka yote hii. Unakula ugali umesimama. Mimi nimekuona."

Alicheka kidogo, akarudi kwenye nati zake. Tulibishana naye mpaka akakubali, lakini kwa masharti. Iwe mchana, Jumapili baada ya misa. Iwe nyumbani kwake. Watu wachache, na muziki usiwepo. Broka alikubali yote haraka haraka, nikajua ana jambo lake moyoni.

Jambo lenyewe alinieleza tukiwa njiani kurudi. Alitaka siga. Nazungumzia zile sigara nene za kahawia, zinazofungwa kwa jani la tumbaku lenyewe, ambazo wazee waliziita biri. Alikuwa amewaona wanaume fulani kwenye hoteli moja ya Geita wamekaa nazo barazani, miguu mbele, hawana haraka na dunia. Alitaka sisi watatu tukae vivyo hivyo, angalau mara moja katika maisha yetu.

"Lakini mwenzio aliacha sigara," nilimwambia.

"Siga si sigara. Moshi wake haumezwi, unauzungusha mdomoni unautoa."

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza."

Tulikubaliana niende Geita wiki hiyo nikichukua bidhaa zangu za duka, ili tukazichague pamoja. Sikumwambia mtu yeyote. Lakini Kambarage ni Kambarage, na jioni ya pili simu yangu ililia. Alikuwa binti.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

"Ni kweli mnakwenda kumtafutia baba siga?"

Nilikaa chini. Tangu habari ya ndoa itoke, binti huyu hakuwa amesema neno. Nilikuwa nimefika kwao mara mbili, na mara zote alinimiminia chai, akaniletea michembe ya viazi vitamu na karanga, akaniuliza hali ya watoto, akaenda zake chumbani. Adabu yake ilikuwa imekamilika kiasi cha kunitia hofu. Nilidhani ameumia kwa ajili ya mama yake na hana pa kusemea. Na sasa sisi wazee wazima tulikuwa tunataka kumrudisha baba yake kwenye moshi, naye ni mwanafunzi wa uuguzi.

"Ni kweli," nilisema. "Lakini kama hutaki, tunaacha leo hii."

"Sijasema sitaki. Nataka kwenda na nyie."

Tuliondoka asubuhi, tukapita Kahama, tukashika barabara ya Kakola. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, anatazama mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Kwa muda mrefu tulizungumza mambo ya chuo tu. Tulipokuwa tumeshapita machimbo, aliniuliza ghafla:

"Huyo mama umeshamwona?"

"Nimemwona mara moja. Tulikwenda na baba yako kujitambulisha."

"Yukoje?"

Nilifikiri nimjibu nini. "Anacheka kwa sauti. Akicheka mgahawa mzima unageuka."

"Mama alikuwa hacheki kwa sauti."

"Hapana. Mama yako alikuwa akicheka kwa mabega. Sauti haitoki, mabega yanapanda na kushuka."

Alinigeukia. "Nilikuwa nimesahau hiyo," alisema, kisha akatazama nje tena. Nilijua machozi yangu yalikuwa karibu na yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani.

Broka alitupokea Geita akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kuposa. Alipomwona binti alishtuka, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, marahaba. Na wewe umekuja kuchagua?"

"Nimekuja kuchagua."

Duka lilikuwa la vinywaji, karibu na hoteli ile, mahali wanaponunua wakubwa wa migodini na wageni wao. Mama mwenye duka alituletea sanduku la mbao. Alipolifungua, harufu yake ilinishangaza. Nilikuwa nimetegemea harufu ya sigara, ile inayoshika kwenye makoti. Hii ilikuwa kama ghala lenye mbao mpya, na ndani yake kitu kama kahawa, na kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Ndani mlikuwa na sponji lenye unyevu. Mama alisema zikikauka zinapasuka na kuwa chungu, kwa hiyo tusije tukaziacha kwenye gari juani.

Broka alikwenda moja kwa moja kwenye zile nene kuliko zote, zilizovishwa ukanda wa karatasi wenye rangi ya dhahabu. Aliichukua moja akaiweka kati ya vidole, akajitazama kwenye kioo cha friji la soda.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema.

"Itakukaa mdomoni kama gunzi la hindi," nilimwambia. Mimi nilitaka zile nyembamba. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvuta kitu kama hicho, na nilifikiri tuanze na kidogo. Tukaanza kubishana pale mbele ya mama wa watu, mmoja anasifia unene, mwingine wembamba, kama vile tumezaliwa kwenye shamba la tumbaku. Binti alikuwa amesimama pembeni. Alikuwa akizitoa moja moja, ananusa, anarudisha, kwa uangalifu uleule ambao nadhani wanafundishwa kushikia vichupa vya dawa.

Kisha akamuuliza mwenye duka, "Mama, ipi inachukua muda mrefu zaidi?"

"Kuisha?"

"Ndiyo. Mtu aanze kuivuta, asiinuke mapema."

Mama alimchagulia ndefu, isiyo nene sana, nyeusi kidogo kuliko nyingine. "Hii. Lakini asiiharakishe. Akiivuta kwa utulivu, padri anaweza kumaliza misa nzima bado anayo mkononi."

"Muda mrefu wa nini?" broka aliuliza. "Sisi tunataka tamu."

Binti aliishika ile ndefu kwa mikono miwili. Alizungumza akiitazama yenyewe, hakututazama sisi.

"Baba alikuwa anakaa nje," alisema. "Mnakumbuka? Kila jioni akitoka kazini anaoga, anatoa kiti, anakaa ukutani pale mlangoni na sigara yake. Mama anakaa kwenye kigoda anachambua mchele au anamenya karanga. Mimi nilikuwa nafanyia kazi za shule kwenye kizingiti. Watu wakipita wanawasalimia. Mama alipoondoka, baba akaacha sigara. Mimi nilifurahi, mwalimu alikuwa ametuambia sigara inaua. Lakini aliacha hata kukaa nje. Akirudi anaingia ndani, anafunga mlango, anawasha televisheni. Hata haiangalii. Mpaka leo."

Mama mwenye duka alikuwa amesimama mkono mmoja juu ya sanduku.

"Sasa anaoa, atahamia nusu huko Buseresere, nusu huku," binti aliendelea. "Mimi simkatazi. Nataka tu kabla hajaenda akae nje na mimi siku moja. Nikimwambia njoo ukae nje, ataniuliza kuna nini, nitamwambia hakuna kitu, atarudi ndani. Kwa hiyo nataka kitu kitakachomkalisha. Moja tu, na siku hiyo tu. Darasani tumeonyeshwa mapafu yanavyokuwa, kwa hiyo msije mkamzoesha."

Broka alirudisha siga yake nene sandukuni. Alijifuta uso kwa kitambaa, uso wote, taratibu, akasema kwamba duka lile lina joto. "Tupe hizo ndefu," alimwambia mama. "Kila mtu na yake."

Kabla hatujaondoka, mama alitukalisha nyuma ya duka tukajaribu moja, tujue namna ya kuikata kichwa na kuiwasha bila kuiunguza. Broka, aliyeniambia moshi haumezwi, aliumeza. Alikohoa mpaka binti akaanza kumpiga mgongoni kitaalamu, kiganja kimekunjwa kama kikombe, huku akimwambia apumue kwa pua. Mimi nilivuta kidogo. Ilikuwa chungu mwanzoni, halafu ikabaki ladha ya kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Siwezi kusema niliipenda. Lakini niliona kweli haikubali haraka. Ukiivuta upesi inakuwa moto na inakuchoma ulimi. Inakubidi uiache, utazame kitu kingine, ndipo uirudie.

Jumapili ilipofika tulikuwa wanaume saba hivi mbele ya nyumba yake Kambarage: mafundi wenzake wawili kutoka Mwakitolyo, mjomba wake, mwenzake wa kwaya, na jirani wa ukuta mmoja. Mbuzi alikuwa ameshachomwa. Tulisalimiana kwa Kisukuma, "mwadila", kama kawaida ya mchana, tukala, tukanywa, mjomba akatoa maneno ya kumkumbusha wajibu wa mume kana kwamba hajawahi kuwa mume. Bwana harusi alikuwa amekaa sebuleni muda wote. Watu walikuwa wakiingia kumpa mkono na kutoka.

Binti alimfuata. Mimi nilikuwa mlangoni, niliwasikia.

"Baba, njoo ukae nje. Wenzio wana zawadi."

"Hapa napo pazuri. Waambie waingie."

"Ni siga. Haivutwi ndani, mapazia yatanuka."

Alitoka akiwa amekunja uso kwa jua. Binti alikuwa ameshamtolea kiti, amekiweka katikati ya uwanja. Rafiki yangu alikitazama, akakiinua mwenyewe, akakisogeza mpaka ukutani karibu na mlango. Pale ukutani palikuwa na doa, rangi imefifia, mahali alipokuwa akiegemeza mgongo zamani. Sidhani kama alifikiri. Alikaa tu, na mgongo wake ukaenda pale.

Broka alimkabidhi siga. Aliigeuza geuza mkononi.

"Nani amechagua?"

Nilimtazama broka. Siku nyingine yoyote angesema ni yeye. "Binti yako," alisema.

"Wewe? Muuguzi?"

"Ni moja tu, baba."

"Na mbona ndefu hivi?"

Binti alisita. "Ili usiingie ndani mapema," alisema.

Rafiki yangu alikaa na ile siga juu ya goti, haijawashwa, mpaka nikaanza kufikiri tumekosea. Kisha akamwita karibu.

"Ng'wanawane," alisema. Hivyo ndivyo baba wa Kisukuma anavyomwita mtoto wake anapotaka amsikilize. "Mimi nilidhani wewe ndiye hupendi tukae nje."

"Mimi?"

"Mama yako alipofariki, ulikuwa ukitoka hapa ukaona kile kigoda chake hakina mtu, unalia. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Nikakiingiza ndani nikakiweka nyuma ya magunia. Ukawa unalia ukiniona mimi nimekaa peke yangu. Basi nikaingia na mimi. Nikasema acha tukae ndani, mtoto asiumie."

"Sikumbuki kulia," binti alisema.

"Ulilia sana."

"Mimi nilidhani ni wewe. Nilidhani hutaki kupaona."

"Nilikuwa nataka," alisema. "Nilikuwa nataka kila siku."

Nililazimika kumtazama jirani, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Nyumba moja, watu wawili wanaopendana, na kila mmoja alikuwa amejifungia ndani kwa ajili ya mwenzake, miaka yote hiyo, na sisi marafiki tulikuwa tunakuja na kuondoka hatujui.

Binti aliingia ndani. Tulisikia magunia yakisogezwa. Alitoka na kigoda, kimejaa vumbi, akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka upande wa kulia wa kiti cha baba yake, akakikalia. Kilikuwa kifupi, magoti yake yalikuja juu karibu na kidevu.

"Haya," alisema. "Washa."

Tulimwonyesha baba yake namna ya kuikata. Aliiwasha, akavuta, akatoa moshi mwepesi wa buluu ulioning'inia mbele yake kwa kuwa hapakuwa na upepo. Akasema ina ladha ya mbao. Sisi wengine tuliwasha zetu, tukajikalia pande pande kwenye viti na ndoo zilizogeuzwa.

Rafiki yangu alianza kuzungumza juu ya marehemu mkewe. Hakuwa amezungumza juu yake mbele yetu tangu mazishi. Alieleza jinsi mkewe alivyokuwa akimfagilia majivu miguuni makusudi, ili amwondoe mahali alipotaka kuanika dagaa. Alieleza siku aliyorudi na dhahabu kidogo aliyolipwa na wachimbaji kwa kazi, akaificha kwenye kopo la chumvi, mkewe akaipikia mboga. Binti alicheka, akauliza wakaipataje, baba akasema waliichuja kwenye mchuzi, na mboga waliila, kwa sababu mkewe alisema haiwezekani kumwaga mboga. Siga ilizimika mkononi mwake mara kadhaa kwa sababu ya maneno. Kila ilipozimika, binti alichukua kiberiti akaiwasha upya, akiikinga kwa kiganja, na kumuuliza kitu kingine.

Hakuimaliza. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshavuka uwanja, mafundi wa Mwakitolyo walikuwa wameaga kuwahi gari, na bado nusu yake ilikuwa mkononi mwake, imekufa. Aliiweka chini ya kiti bila kuitazama. Alikuwa bado anazungumza.

Ndoa ilifungwa Buseresere, kanisani, asubuhi yenye mvua nyepesi. Bibi harusi alicheka kwa sauti hata alipokuwa anavishwa pete, padri akatabasamu. Baada ya chakula nilimwona amevua viatu vya harusi, amevaa ndala chini ya gauni jeupe, anasimamia masufuria uani kama siku yoyote ya kazi. Binti alikwenda kumsaidia. Hawakukumbatiana, wala sikuona machozi. Nilisikia tu yule mama akimuuliza, "Mwanangu, wewe unakula pilipili?" na binti akijibu kwamba anakula, lakini si nyingi.

Tulikuwa tumepanga binti arudi na mimi Shinyanga jioni ile, kwa kuwa Jumatatu mchana alikuwa na vipindi. Nilipowasha gari nilimtuma broka akamwite. Alirudi peke yake. Nikashuka nikamfuata mwenyewe. Nilimkuta amekaa na yule mama na dada zake wawili kwenye mkeka, wanaosha vijiko kwenye beseni na kutenganisha vya kukodi na vya nyumbani, sketi yake nzuri imefunikwa kwa kanga ya mtu mwingine.

"Baba mkubwa, nyie nendeni tu," alisema. "Vyombo ni vingi. Nitapanda gari kesho alfajiri."

Nilimwambia asichelewe chuo. Akasema hatachelewa. Yule mama alininyanyulia mkono wenye povu la sabuni, nikapunga na mimi, nikarudi kwenye gari.